Namna ya kuendesha sinema ya mtaani yenye ukumbi mmoja

Kabla hujauliza bei ya projekta, nunua kalenda. Ile kubwa ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu pembeni, pamoja na kalamu ya wino mwekundu. Kila kijana anayenijia kutaka ushauri wa kufungua sinema huanza na mashine: mwanga wa lumeni ngapi, spika za wati ngapi, skrini ya ukubwa gani. Mimi namuuliza: Jumatano baada ya alasiri utaonyesha nini, na nani atakuja? Wengi hubaki wananitazama.

Nayajua haya kutoka dirisha la tiketi, hapa Unguja mjini. Niliingia kazini mwishoni mwa miaka ya sabini, msichana sijui hili wala lile, nikakaa nyuma ya kidirisha chenye nondo mpaka ukumbi wetu ulipofungwa. Opereta anaona picha, meneja anaona mahesabu, lakini anayewaona watu ni wa dirishani. Anajua nani kaja na nani, nani kalipa kwa sarafu za kukusanya, nani kasoma bango akageuka akaenda zake. Siku hizi nawasaidia vijana wanaoonyesha picha katika ua ulioezekwa na kutiwa giza wa nyumba moja, mitaa ya Ng'ambo hapa hapa mjini, na kwa kuwa maswali yao ni yale yale, bora niyajibu yote kwa pamoja.

Gawa siku

Sinema za kisasa za kwenye maduka makubwa, kama ile ya Mlimani City kule Dar, zina skrini kadhaa chini ya paa moja. Mwenye watoto anaingia chumba hiki, mpenda mapigano kile, wachumba wanajificha cha tatu. Wewe una chumba kimoja tu. Huwezi kuwagawa watu kwa milango, basi wagawe kwa saa: kila kundi la mtaani lipewe siku yake na saa yake, na saa hiyo isiguswe.

Mji huu uliishi hivyo miaka mingi. Sinema ya Royal ilifunguliwa hapa Vuga mwaka 1921. Ilipoungua, ikajengwa Majestic mahali pale pale, ikafunguliwa 1955. Kumbi zilikuwa chache, watu wengi na wa kila aina, na mpango wa wiki ndio uliowaweka pamoja bila kukwaruzana. Kulikuwa na picha za Kimisri kwa wapenzi wa nyimbo za Kiarabu, kulikuwa na za Kihindi Jumapili, kulikuwa na ngumi na bastola kwa vijana, na kulikuwa na onyesho la wanawake peke yao. Mtu hakuhitaji kusoma gazeti. Alijua leo ni siku ya nani.

Watu husema televisheni ndiyo iliyoiua sinema. Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini na foleni dirishani kwangu ziliendelea kuzunguka kona. Yaliyotuumiza yalikuja baadaye, tena yalikuja mawili. Fedha za kigeni zilikauka, mikanda mipya ikaadimika, tukawa tunarudia ile ile mpaka ikawa na mistari kama mvua ya masika. Halafu katikati ya miaka ya themanini biashara ikafunguliwa, deki za video zikaanza kuingia, nyingi zikiletwa na jamaa waliokuwa Dubai na Maskati.

Na mimi niliona nani alitangulia kuondoka. Akina mama ndio waliokuwa wa kwanza. Kwa nini avae, atoke, apange foleni, na picha ile ile iko sebuleni kwa shoga yake na chai juu? Onyesho la wanawake likawa na watu kumi, meneja akalifuta, saa ile akawapa vijana picha nyingine ya ngumi. Baada ya hapo familia za Jumapili zikapungua, maana ukumbi ulishakuwa wa vijana peke yao, na mzazi gani atampeleka bintiye? Mwisho hata vijana wenyewe hawakuona raha. Ukimpoteza mmoja katika wiki yako, wa jirani yake anafuata. Ndiyo maana nasema anza na kalenda.

Wiki yenyewe

Nakupa wiki tunayoifuata sisi. Mtaa wako si wetu, kwa hiyo ibadilishe, lakini elewa kila siku imewekwa pale kwa sababu gani.

Jumatano alasiri ni ya wanawake. Tunaanza saa kumi kamili, watu wameshasali, na lazima tumalize kabla ya saa kumi na mbili na robo ili kila mtu awe kwake Maghrib ikiingia. Picha isizidi saa mbili. Mlangoni wanakaa wanawake, chai wanatoa wanawake, na kijana wa mashine anaingia kibandani mwake kabla ya mlango kufunguliwa na hatoki mpaka wa mwisho aondoke. Sheria hiyo ilikuwepo enzi zetu na sijaona sababu ya kuilegeza. Watoto wachanga waruhusu bila maneno. Ukimkatalia mama mtoto wake umemkatalia na mama. Na usiwashushie sauti ukidhani wanapenda kimya. Onyesho la wanawake ndilo lenye kelele kuliko yote: wanamwonya stelingi, wanamlaani mama mkwe, wimbo ukianza wanaimba nao. Weka spika ipasavyo.

Watoto tumewapa Ijumaa jioni. Vijana wangu walitaka Jumamosi asubuhi kama walivyoona kwengine, nikawaambia wakamuulize mwalimu wa chuo cha Kurani kwanza. Jumamosi asubuhi watoto wa mtaa huu wako chuoni na juzuu zao. Alhamisi na Ijumaa chuo hakuna, na Ijumaa skuli wanatoka mapema. Basi Ijumaa saa kumi uani kunajaa. Nenda kamuone mwalimu kabla hujabandika bango. Akijua hukumwibia wanafunzi, yeye mwenyewe atawatuma.

Jumamosi ni ya mpira, na hapo usijitie ushujaa. Chukua ratiba ya ligi ya Uingereza na ya hapa kwetu, zungushia wino mwekundu kila siku ya Simba na Yanga, kila siku Arsenal na Manchester wanapokutana, na usiku wote wa Ligi ya Mabingwa. Siku hizo usiweke picha ya vijana. Weka kitu cha watu wasioshughulika na mpira, au funga upumzike. Nimeona mabanda mawili yaking'ang'ana kuonyesha picha mpya wakati wa fainali, na ndani kulikuwa na mwenye banda na mdogo wake.

Jumapili ni ya familia nzima na ndiyo siku ya fedha. Kwa watu wa pwani Jumapili na picha ya Kihindi vimeshikamana tangu zamani. Nyimbo zake zimeingia mpaka kwenye taarabu. Weka picha ndefu, weka intavali, na anza baada ya Isha, saa mbili na nusu usiku.

Siku zilizobaki usijilazimishe. Jumatatu hata enzi za neema ilikuwa ya kufagia.

Kisha angalia mwaka. Mwezi wa Ramadhani tunafunga milango, tunachomelea viti, tunapaka ukuta rangi. Usihesabu kama hasara, kwa sababu baada yake inakuja Idi, na Unguja sikukuu ni siku nne. Watoto wana hela za sikukuu mkononi, wamevaa nguo mpya, wametoka Mnazi Mmoja na hawataki kurudi nyumbani. Enzi zetu siku hizo tulikuwa tukionyesha tangu mchana mpaka usiku wa manane, picha fupi fupi, mlango hauna kupumua. Siku nne hizo zipange miezi mitatu kabla. Picha nzuri kuliko zote ulizonazo iweke pale, usiitumie ovyo mwezi wa Rajabu.

Kama unaonyesha nje, na masika nayo iandike. Machi hadi Mei usitegemee anga. Juni hadi Septemba hakuna mvua nyingi lakini kusi linavuma, na kitambaa cha skrini kinageuka tanga. Tafuta ukuta mrefu wa nyumba uwe upande wa kusini, skrini ikae chini ya kivuli cha ukuta huo. Ukihamishia skrini upande huo, kamba nyingi zinakuwa hazina kazi.

Mashine, kwa kifupi

Enzi zetu chumba cha opereta kilikuwa na mashine mbili, na lazima ziwe mbili. Mkanda wa milimita 35 ulikuja katika rili, moja inakwenda dakika ishirini hivi. Taa yake ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vinavyoungua vikitazamana. Vikisogeana sana au vikiachana, skrini inaingia manjano na watu wanapiga kelele. Rili ikikaribia kwisha, nukta ndogo inatokea pembe ya juu kulia ya picha. Opereta akiiona anawasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba mbele inatokea nukta nyingine, anahamisha papo hapo, na huko chini mtazamaji hajui kama kuna kitu kimetokea. Opereta wetu alikuwa anakunywa kahawa huku jicho moja liko kwenye pembe ile.

Kabla ya onyesho aliupitisha mkanda mzima kati ya vidole viwili, taratibu, akisikiliza kingo. Kidole kikikwama, ujue tundu limechanika. Anakata, anaunga kwa gundi, anaendelea. Kazi hiyo ndiyo ninayotaka uirithi. Siku hizi picha ni faili, lakini faili nalo huchanika. Litazame lote, mwanzo mpaka mwisho, kwenye mashine ile ile utakayotumia, na spika zile zile. Si kwenye simu. Faili linalogoma dakika ya sabini halikwambii chochote dakika ya tano.

Sasa lumeni. Chukua upana wa skrini, zidisha kwa urefu wake, upate mita za mraba, kisha zidisha kwa 150. Skrini ya mita nne kwa mbili na robo ni mita tisa za mraba, kwa hiyo unahitaji lumeni 1,350 hivi, ukumbi ukiwa giza. Skrini ya mita sita inafika mita 20 za mraba, hapo unataka 3,000. Hizo ni lumeni za kweli, zenye neno ANSI au ISO mbele ya namba. Vile vijiprojekta vya bei rahisi vilivyoandikwa 9,000 kwenye boksi havifiki hata robo yake. Tena taa inafifia kadiri inavyozeeka, hivyo nunua ya ziada kidogo.

Skrini bora ni ukuta uliopigwa plasta vizuri, ukasuguliwa msasa, ukapakwa rangi nyeupe isiyong'ara, na mkanda mweusi wa shubiri moja kuzunguka. Kama ni kitambaa, vipande viwili vya kitambaa cha marekani vilivyoshonwa pamoja, na kitambaa cheusi nyuma, maana bila cheusi nusu ya mwanga inawaangazia majirani.

Sauti inaharibu maonyesho mengi kuliko picha. Ingia ukumbini kukiwa hakuna watu, piga kofi moja. Ukisikia kofi linajibu, watu hawatasikia maneno. Tundika majamvi ukuta wa nyuma na pembeni, piga tena. Spika mbili zinatosha, zikae ubavuni mwa skrini, sio nyuma ya watu, kwa sababu mtu anataka sauti itoke kwenye mdomo anaouona. Ukumbi ukijaa sauti hutulia zaidi, miili inameza mwangwi, kwa hiyo usikubali fundi akurekebishie sauti ukumbi ukiwa mtupu halafu aondoke na hela yake. Mwache akae mpaka intavali.

Umeme. Wa Unguja hatuhitaji kukumbushwa: waya wa baharini ulipoharibika Disemba 2009, kisiwa kizima kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Jenereta iwepo, ikae mbali nyuma ya ukuta, na mafuta yawe yamenunuliwa mchana. Kama projekta yako ni ya taa, weka na betri ndogo ya kuishikilia dakika chache, kwa sababu umeme ukikatika ghafla feni inasimama na taa bado ni moto. Taa zinakufa hivyo. Stabilaiza nayo si anasa.

Viti: mbele majamvi chini, nyuma yake mabenchi mafupi, mwisho viti. Kila mstari ni mrefu kuliko wa mbele yake, hakuna anayemziba mwenzake, na sakafu haikuhitaji kuchimbwa mteremko. Bei iende hivyo hivyo. Mbele rahisi, nyuma ghali; watoto na vijana wanapenda mbele kwa hali yoyote. Milango iwe miwili, ifunguke kwa nje, na mtu akiweka kufuli kwenye mlango wa pili wakati watu wako ndani mfukuze kazi siku hiyo hiyo.

Picha unaipata wapi

Diski uliyonunua sokoni Darajani, au Netflix unayolipia kila mwezi, inakupa haki ya kutazama nyumbani kwako. Kukusanya watu na kuwatoza kiingilio ni jambo jingine, linataka ruhusa ya mwenye picha. Najua mabanda mangapi yanafanya bila ruhusa. Mimi nakwambia wewe unayetaka kudumu.

Anza na watengenezaji wa hapa hapa. Bongo na Unguja kuna watu wametengeneza picha, wamezitia mtandaoni, na hawajawahi kuziona mbele ya umati. Wapigie simu. Wakati wa tamasha la ZIFF, ambalo limekuwepo tangu 1998, wengi wanakuja mjini, nenda Ngome Kongwe ukawasalimie ana kwa ana. Sisi tunakubaliana nusu kwa nusu baada ya kutoa mafuta ya jenereta, kwa maandishi, na mwenye picha anaonyeshwa kitabu cha tiketi. Mmoja alikuja mwenyewe na mama yake mzazi. Siku hiyo tulikataa watu mlangoni.

Vibali ni safari ya pili. Kwa Zanzibar, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni ndilo linalohusika na ukaguzi wa picha, na COSOZA na hakimiliki. Bara kuna Bodi ya Filamu, chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, na COSOTA. Kenya kuna bodi yao ya uainishaji wa filamu. Nenda mapema, nenda na nakala, na uliza ada kabla hujachapisha bango. Nilikaa ofisi moja tangu asubuhi mpaka alasiri kwa karatasi moja, kwa hiyo chukua na maji.

Suala la lugha. Mabanda ya video yalishinda kumbi kubwa kwa mambo mengi, na moja ni kwamba mtu alifasiriwa. Sauti ya Lufufu, mfasiri mashuhuri wa mabandani, juu ya picha za kigeni iliwavuta watu ambao maandishi ya chini hayakuwafaa kitu. Kwa hiyo picha isiyo ya Kiswahili, jiulize nani atasoma, na atasoma kwa kasi gani, na waliokaa nyuma wataona? Kwa wanawake na watoto tunachagua za Kiswahili, au za Kihindi zinazoeleweka hata ukiziba masikio.

Zamani mkanda mmoja uliweza kuonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja. Ukumbi wa kwanza unatangulia kuanza, rili ikimalizika kijana anaiweka kwenye baiskeli anakata vichochoro mpaka ukumbi wa pili. Baiskeli ikipata pancha Darajani, watu wa ukumbi wa pili wanakaa gizani wakipiga miluzi. Faili halihitaji baiskeli, lakini ujanja ule una maana bado kwa mashine yenyewe. Mitaa miwili ikinunua projekta moja nzuri kwa ubia, Kikwajuni ikachukua Jumatano na Ijumaa, Mwembetanga ikachukua Alhamisi na Jumapili, kila mmoja ana mashine ya maana kwa nusu bei. Mpangilio wa siku ukiwa umeandikwa, hakuna ugomvi.

Intavali

Picha za siku hizi nyingi hazina mapumziko. Wewe yatie. Zile ndefu za Kihindi zimetengenezewa mapumziko; Sholay ya 1975 ina zaidi ya saa tatu, nani atakaa bila kunyanyuka? Lakini hata picha ya saa moja na nusu tunaikata, kwa sababu mapato ya intavali ndiyo yanayolipa wafanyakazi.

Mahali pa kukata pachaguliwe na mtu anayejua hadithi. Mimi natazama picha mchana na daftari, natafuta pale stelingi amebanwa: adui kafunga mlango, au barua imesomwa na asiyehusika. Iwe baada ya nusu kidogo, sio katikati ya wimbo, sio katikati ya sentensi. Naandika dakika na sekunde, kijana anasimamisha hapo hapo, taa zinawaka polepole. Watu wanatoka wakibishana nini kitatokea, na mtu anayebishana ananunua. Ukikata pahali pakavu wanatoka kwenda nyumbani.

Dakika kumi na tano, zisizidi. Uza vitu visivyonuka sana wala kutoa kelele: kashata, bisi za mfuko wa karatasi, njugu, juisi ya ukwaju, chai. Urojo ubaki nje mezani, usiingie na bakuli. Na usiwakodishe wengine biashara hiyo mwaka wa kwanza.

Dirishani

Hapa ndipo kwangu, nivumilie.

Tiketi ziwe kwenye kitabu, zina namba, zina vipande viwili, rangi moja kwa kila onyesho. Kabla ya kufungua dirisha andika namba ya kwanza. Ukifunga andika namba ya mwisho. Toa, zidisha kwa bei, hesabu hela. Zisipolingana usiku huo usilale nalo. Anayeuza asikate, anayekata asiuze. Wa mlangoni achane tiketi mbele ya macho ya mwenye nayo, kipande kimoja akiingize kwenye kisanduku kilichofungwa. Wizi mkubwa wa sinema haufanywi na watoto wanaoruka ukuta. Unafanywa na wa mlangoni anayepokea tiketi nzima, haichani, na baada ya dakika kumi tiketi ile iko dirishani tena inauzwa mara ya pili, wanagawana. Namba zinalingana kabisa! Utajua tu ukihesabu vichwa. Basi wakati wa intavali hesabu vichwa.

Jumapili kutakuja walanguzi. Wananunua tiketi ishirini saa kumi, wanaziuza kwa bei yao saa mbili. Usiuze zaidi ya nne kwa mtu mmoja, na kariri sura. Wa kwetu mmoja alikuwa akimtuma bibi yake.

Sasa hesabu ndogo. Tuseme una nafasi 80 na tiketi moja ni shilingi 2,000. Ukijaa ni 160,000. Usihesabu kujaa, hesabu nusu, 80,000. Mafuta 10,000, inabaki 70,000, mwenye picha nusu yake, 35,000. Mlango, mashine na usafi 20,000. Umebaki na 15,000, kabla ya kodi ya nyumba. Ukiona namba hizi utaelewa kwa nini nang'ang'ania chai na kashata, na kwa nini onyesho moja kwa wiki haliwezi kuubeba ukumbi.

Nyumba

Tazama kumbi za zamani zimeishia wapi. Nairobi, Shan ya Ngara ikawa Sarakasi Dome, na angalau bado kuna watu wanacheza ndani. Odeon na Globe zimebaki majina ya kituo cha matatu na mzunguko wa barabara. Dar, pale Msasani palipokuwa na Drive-In sasa ni ubalozi wa Marekani. Ukumbi una eneo kubwa, umekaa pahali pazuri, na mchana ni mtupu. Kila mwenye nyumba anayepita anaona ghala au duka.

Kwa hiyo saa zako tupu zijaze kabla hajazijaza yeye. Asubuhi wakodishe watu wa semina na mikutano ya vikoba, mchana skuli zinazotaka kuonyesha wanafunzi kitu, Alhamisi usiku kikundi cha taarabu kifanye mazoezi. Harusi zikubali, ila wajue skrini haipigiliwi misumari ya mapambo. Liandike hilo kwenye risiti, na mwisho wa shughuli kakague mwenyewe na tochi.

Onyesho jipya lipe miezi miwili. Likiwa halijai, badilisha saa kwanza, kisha picha, na ukishindwa mwite mtu mmoja wa kundi lile umuulize, ndipo ufikirie kulifuta. Na ukilifuta, saa ile usimpe yule yule aliyejaa siku nyingine zote. Mtafutie mwenyewe mpya: wazee, viziwi wanaotaka picha zenye maandishi, mafundi wanaotoka kazini usiku.

Mkataba wa nyumba usiwe chini ya miaka mitano, usainiwe mbele ya sheha wa mtaa, na useme wazi kwamba viti, majamvi na skrini ni mali yako hata vikiwa vimefungwa kwa boliti ukutani.